Mulango Chini ya Miguu ya Bakonseye

Siku tatu kabla ya bakonseye, bale ba baraza ya komini, kufika kwetu, niliamuru avenyu yote ifagiwe. Ni mimi niliamuru, si muntu mwingine. Ninaandika hili hapa mwanzoni, juu ya kuwa kuna bantu banapenda kumubebesha shefu Donat lawama yote. Lawama yake iko, nitafika huko. Lakini hii ya ufagio ni yangu.

Avenyu Masuku inashuka mpaka ku muto Naviundu. Nyumba yangu ni ya mwisho, hatua kumi na nne toka maji. Ng'ambo kuna maternite ya kuzalia, kuna shule, kuna barabara ya magari. Huku kuna sisi. Kati yetu na ng'ambo, wakati ule, hakuna kilalo, yaani daraja, hata kidogo cha kupitia bantu kwa miguu. Kiangazi tunaruka juu ya mawe saba, tunayajua moja moja: la pili linacheza, la tano linateleza. Mvua ikianza, mawe yanapotea, na mwenye kwenda ng'ambo anazunguka saa nzima na nusu mpaka kilalo cha barabara kubwa, ao anabebwa mugongoni.

Mwezi wa pili wa mwaka ule, jirani yetu Abigaïl alishikwa na uchungu maji yakiwa juu. Banaume babili balimubeba, bakafika katikati, bakashindwa, bakarudi. Alizalia pale ku ukingo, chini ya bashi ya plastiki tuliyoishika bamama bane, kila mumoja pembe yake. Mutoto hakulia. Mimi njo nilimufunga mu kitenge.

Sasa mujukuu wangu Gaëlle, mwenye ninaishi naye tangu mama yake afariki, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia tena kuanzia kidole gumba. Kila mara niliangukia palepale: mwezi wa kumi na mbili, maji yakiwa juu.

Kwa hiyo shefu Donat alipokuja kusema komini iko na mradi, niliacha sufuria ya maharagwe ikaungua. Donat ni shefu wa avenyu yetu, muntu wa suti ya kaki, anapenda kuitwa "shefu" hata na bibi yake. Alisimama mu kiwanja changu, mikono nyuma.

"Mama Agnès, baraza ya komini iko na pesa ya kujenga kintu kimoya tu mbele ya mvua kuanza. Bintu bine biko mu liste: kilalo yetu, byoo bya soko, paa ya nyumba ya masomo, na taa za barabara kubwa. Siku ya ine, Alhamisi, bakonseye batatu batakuya kutembelea. Kisha, siku ya mbili, Jumanne yenye kufwata, baraza yote inapiga kura."

"Batafika hapa kwetu? Hapa hapa?"

"Batakanyaga na miguu yabo, mama."

Mimi nililelewa hivi: mugeni akikuja, unafagia. Mama yangu, kule Kabalo, mu nyumba za bafanyakazi ba reli, alikuwa anafagia hata nyuma ya choo, mahali mugeni hataangalia. Na mugeni wa serikali anapita bageni bote. Sikuona hata haja ya kuuliza muntu. Jioni ile nilipita mulango kwa mulango nikabaambia bamama: kesho salongo, kazi ya bote pamoja.

Tulifanya kazi siku tatu. Tulijaza mashimo na kokoto. Chupa, mifuko, matambara yenye maji yalileta mwaka jana, tulichoma yote. Mawe ya pembeni ya njia tuliyapanga kama meno, tukayapaka chokaa kutoka kwa Donat mpaka maji, na siku yenyewe asubuhi tukarudia mukono wa pili. Niliangalia nikafurahi. Halafu nikaangalia yale mawe saba katikati ya muto. Tungewaacha bakonseye baruke kama vyura?

Nikapanda kwa Souleymane. Souleymane ni fundi wa mbao, Muislamu, bazazi bake ba Maniema. Tumekuwa majirani miaka thelathini, na miaka yote thelathini tunataniana.

"Unikopeshe mbao," nikamuambia.

"Za nini?"

"Za kupitisha serikali."

Aliweka randa chini. "Agnès, hizi ni za kitanda cha harusi. Bwana harusi anangojea. Weye Mukatolika unataka serikali itembee juu ya kitanda cha Baislamu?"

"Kwani batalala? Batapita tu."

Bibi yake Fatouma alicheka mpaka akashika ukuta.

"Saa kumi nizione hapa," Souleymane akasema. "Na kama iko na tope, utailamba weye, na chumvi juu."

Mbao zilikuwa sita. Tulizilaza juu ya mawe, mbili mbili, zikafika karibu ng'ambo, lakini pale mwisho kukabaki nafasi ya hatua moja na nusu. Nikarudi kwangu, nikatoa mulango wa nyumba.

Mulango huo lazima niueleze. Ni wa mvule, muzito, marehemu bwana wangu aliutengeneza wakati angali anafanya kazi ku reli. Kila mwaka maji yakiingia mu nyumba, alikuwa anachukua tupa na kukata alama pale yalipofika, na pembeni anaandika mwaka na musumari. Alipofariki, mimi nikaendelea. Alama ziko kumi na moja. Ya chini inafika ku kifundo cha muguu. Ya juu, ile ya mwezi wa Abigaïl, inapita goti langu. Upande ule wa alama umelowa tope ya miaka yote, hausafishiki tena hata na mchanga. Niliona haya. Nikaulaza kifudifudi, alama chini, upande safi juu.

Gaëlle alikuwa amesimama na mikono juu ya tumbo. "Nkambo, lakini njo ile upande bangepashwa kuona."

"Mugeni haonyeshwe tope," nikamujibu. "Peleka munkoyo ya kunywa bageni mu baridi."

Akabeba ndoo ya munkoyo, akaenda.

Balifika saa nne. Bakonseye batatu, na mwenye kuandika alikuwa Baba Alphonse, muntu murefu, viatu vyeusi vya kungaa, soli yenye mistari-mistari kama ya gari mpya. Alishuka avenyu polepole, mara ingine alikanyaga kando ya njia ambapo chokaa ilikuwa bado mbichi. Akapita juu ya mbao, akapita juu ya mulango wangu, akafika ng'ambo, akarudi. Akaangalia kiatu chake. Kikavu.

"Bamama, mweye munajua kujipanga!" akasema. "Kule tunatoka, ku byoo bya soko, tulizama mpaka hapa." Akaonyesha muundi, chini ya goti.

Bamama bakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, Mungu anisamehe. Tukabapa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, bakaomba wa pili. Halafu Baba Alphonse akaweka karatasi juu ya meza ndogo, akasema benyeji babili baweke saini: shefu, na mama mumoja kwa niaba ya bamama. Donat akaweka yake, kubwa, na mikia mitatu. Mimi nikaandika Agnès Monga, kwa herufi za kuunganisha vile Masista balitufundisha ku Kabalo, na nukta juu ya kila mahali panapohitaji nukta. Miwani ilikuwa ndani. Sikuenda kuichukua. Nyuma yangu nilisikia bilauri zinagongana mu sinia. Ni Gaëlle alikuwa anaishika. Nilifikiri ni uzito wa mimba.

Walipopotea juu ya avenyu, akaweka sinia chini.

"Nkambo, pale muliandika nini?"

"Jina yangu."

"Mulisoma yenye ilikuwa juu ya jina?"

"Ni ya kusema balifika."

"Hapana, Nkambo. Niliisoma nyuma ya bega ya Baba Alphonse, ni Kifaransa. Iliandikwa: kivuko kiko, benyeji banakitunza muzuri. Haraka ya kujenga: hakuna."

Nikauliza aseme tena. Akasema tena. Nikakaa juu ya jiwe, na chokaa ikashika kitenge changu.

Saa kumi kamili Souleymane alishuka na bafundi bake, bakachukua mbao sita. Hazikuwa na tope. Muto ukabaki na mawe saba kama jana, kama juzi. Nikaupandisha mulango wangu ku bawaba zake. Upande ule safi ulikuwa na alama nyeupe za viatu, mistari-mistari, zimekwenda na zimerudi. Nikasema nitazipangusa kesho. Kesho yake sikuwa na nguvu ya kupangusa kitu.

Asubuhi nilienda kwa Donat. Nilimukuta anapiga viatu rangi.

"Shefu, tulisaini mubaya. Turudie ku komini tuseme."

"Tuseme nini, mama? Kama tulibadanganya?"

"Tuseme vile iko."

Aliendelea na brosi. "Mama Agnès, ile karatasi iko na jina yangu. Nikienda kusema jina yangu ilisema bongo, ilidanganya, kesho nani ataniachia avenyu? Batasema: Masuku ni avenyu ya babongo, hata mwaka ingine basipate kintu." Akaniangalia. "Ukisema, utasema peke yako. Na mimi siko pale."

Siku zile tano sitaki kuziandika sana. Chakula kilikuwa kama pamba mu kinywa. Nilikuwa ninaenda ku ukingo, ninaangalia yale maji madogo ya mwezi wa nane, maji ya kuosha sahani, na ninasikia yale mengine. Mbingu ilikuwa tupu, hakuna hata wingu la ukubwa wa leso, na mimi nilikuwa ninaiogopa. Gaëlle alikuwa anafua nguo ndogo alizopewa na Fatouma, anazianika moja moja. Soksi za mutoto, urefu wa kidole changu. Nikaondoka nisiendelee kuziona.

Siku ya yenga, Jumapili, kisha ya misa, Fatouma alinikuta nimekaa mbele ya mulango wangu, ninaangalia alama za bwana wangu.

"Sasa unawaza nini, dada?"

"Kama bangeona hii, hakungekuwa na maneno."

"Basi bapelekee."

"Nibapelekee mulango? Mu baraza?"

"Ulikopesha kitanda cha harusi kwa serikali," akasema Fatouma, "mulango itakushinda?"

Siku ya mbili, ile Jumanne ya kura, saa mbili asubuhi, Souleymane aliulaza mulango juu ya pusupusu yake ya magurudumu mawili, akaufunga na kamba ya mupira. Alisukuma yeye mwenyewe. Mimi na Gaëlle tulifuata nyuma. Muto tuliuzungukia ku kilalo cha barabara kubwa, na njia nzima bantu balikuwa banauliza. Mwenye kuuza mukate akasema: "Mama, munahama? Nyumba iko wapi?" Souleymane akamujibu: "Nyumba inafwata nyuma, iko na miguu mifupi." Bantu balicheka. Mimi nilikuwa ninahesabu nguzo za umeme ili nisirudi.

Ku geti ya komini, polisi alituzuia.

"Mulango haiingie."

"Ni ushahidi," nikasema.

"Ushahidi ya nini? Mwizi alivunja?"

"Hapana. Maji."

Aliangalia Gaëlle na tumbo lake, aliangalia mulango, akapisha. Mulango wa baraza ulikuwa mwembamba kuliko wangu. Wangu tuliuingiza ubavu, tukauegemeza ku ukuta wa nyuma, alama za bwana wangu zikiangalia ukuta.

Bakonseye balikuwa kumi na tatu, bamekaa kwa meza ya duara. Prezida wa baraza ni Mama Chilufya, mwanamuke wa sauti nzito, miwani ku ncha ya pua. Raia tulikaa nyuma, ku mabenchi. Donat alikuwa mbele, benchi ya kwanza. Aliposikia mulango unagonga ukuta aligeuka, akatuona, akarudisha kichwa haraka.

Mama Chilufya akasoma sheria: raia anasikiliza, hasemi, isipokuwa ameitwa. Sikujua.

Baba Alphonse akasimama kusoma ripoti. Vyoo vya soko: hali mubaya sana. Paa ya masomo: hali mubaya. Taa: hali ya katikati. Kilalo cha avenyu Masuku: kivuko kiko, kinatunzwa muzuri, benyeji babili bamesaini. "Tume inaomba kilalo kingojee mwaka ingine." Akakaa.

"Kuna konseye iko na neno?" akauliza Mama Chilufya. Hakuna. Kalamu zikaanza kuandaliwa. Nilisikia Gaëlle anapumua pembeni yangu, pumzi za bantu babili. Mwaka mwingine. Mutoto wangu hawezi kungoja mwaka mwingine, tumbo halijui kungoja.

Nikasimama.

"Mama, keti," akasema Mama Chilufya. "Sheria nilisoma."

"Nilisikia, Mama Prezida. Lakini ile jina yenye alisoma ni yangu. Nilifikiri kama jina ya muntu imeitwa, naye ameitwa."

Bamoja bakacheka. Mama Chilufya alishusha miwani. "Jina ni nani?"

"Agnès Monga, wa avenyu Masuku."

Akatafuta ku karatasi. "Iko. Sema, mama, lakini fupi."

"Ile karatasi haisemi vile iko. Hakuna kivuko. Ile ya siku ya ine tuliitengeneza sisi, juu ya bageni. Jioni tuliitoa."

Baba Alphonse aliruka. "Mama! Si nilipita mimi mwenyewe? Kiatu yangu haikulowana!"

"Baba, ulipita juu ya kitanda cha harusi na mulango wa nyumba yangu."

Sasa baraza yote ilicheka, hata polisi ku mulango. Baba Alphonse hakucheka. Masikio yake yalibadilika rangi. "Saini hii ni yako, ao si yako?"

"Ni yangu."

"Basi ulidanganya baraza siku ya ine, ao unaidanganya leo. Chagua."

Kuna konseye mumoja pembeni, muntu munene, akaongeza: "Kumbe mwaka ingine tukienda kwao tutakuta banalia, banajipaka tope!" Wakacheka tena.

"Shefu wa avenyu iko hapa," akasema Mama Chilufya. "Shefu Donat, simama. Ni kweli yenye mama anasema?"

Donat alisimama. Alinyoosha koti. Hakuniangalia. Miaka ishirini na mbili nilimupikia maharagwe ku kila matanga ya avenyu, na nilikuwa ninaangalia shingo yake tu, kola ilivyokuwa imeikaba.

"Mama ni muzee, Prezida," akasema. "Anachanganya siku. Kivuko kiko."

Gaëlle alishika mukono wangu. Nilitaka kukaa. Kweli nilitaka kukaa, nirudi kwangu, nifunge mulango, na hata mulango wenyewe sikuwa nao kule.

"Mama Prezida," nikasema, "mimi ni muzee, hiyo ni kweli. Lakini mulango haichanganye siku. Baba Alphonse akuye aangalie."

Baba Alphonse hakutaka. Mama Chilufya akamuonyesha na kalamu: nenda. Akatoka ku meza, akapita kati ya mabenchi, viatu vinalia, akasimama mbele ya mulango wangu. Alama zake zilikuwa pale, nyeupe, mistari-mistari, zinakwenda na zinarudi. Chokaa ikikauka juu ya mvule inashika kama rangi. Aliangalia. Akanyanyua muguu, akaangalia soli yake. Akaangalia tena mulango.

"Ni yangu," akasema polepole. "Mama Prezida, ni kiatu yangu. Nilipita juu ya hii."

"Sasa mugeuze," nikasema. "Alphonse, mutoto wangu, muugeuze. Njo ile upande nilikuficha."

Waligeuza, yeye na Souleymane. Na hapo sikuhitaji tena kusimama vizuri wala kutafuta maneno. Nilienda nikaweka kidole juu ya kila alama, moja moja, na nikasema yenye ninajua. Hii, maji yalilala siku mbili, tulipoteza mahindi. Hii, bwana wangu alikuwa angali anaishi, aliikata akiwa amekaa juu ya meza. Hii, kuku bote. Hii ya juu kabisa ni ya mwezi wa pili. "Nyumba yangu imepita yale mawe ya muto kwa urefu wa muntu," nikabaambia. "Maji ikifika hapa mu nyumba, pale ku kivuko inapita kichwa ya Baba Alphonse. Siku hii Abigaïl alizalia ku ukingo. Mutoto hakulia. Huyu hapa ni mujukuu wangu. Mwezi wa kumi na mbili."

Gaëlle hakusimama. Alikuwa amejifunika uso na leso.

Konseye yule munene ndiye alisema kwanza, na hakuwa tena na kicheko. "Lakini mama, kwa nini mulisafisha yote, mukaficha tope?"

"Juu ya kuwa mulikuwa munakuja," nikasema.

Balisimamisha mambo robo saa. Balirudi, bakapiga kura kwa mukono. Niliihesabu mikono mara mbili: minane kwa kilalo, mitano kwa vyoo. Baba Alphonse alinyanyua wa kwake juu sana, kama mutoto wa shule. Halafu Mama Chilufya akasema, kwa sababu ripoti inabadilika, mulango unabaki ku komini kama kiambatisho cha faili, mpaka kazi imalizike.

"Mulango yangu?" nikauliza.

"Kiambatisho namba tatu," akasema, na akagonga meza.

Ku geti Baba Alphonse alinifuata. "Mama, siku ingine munipokee na tope."

"Na weye, siku ingine ukuye bila kutuambia."

Donat alipita pembeni yetu. Salamu yake ilianguka chini, sikuiokota siku ile. Baadaye tulisalimiana, avenyu ni ndogo.

Nilining'iniza pazia pahali pa mulango. Mwezi wa tisa baliweka vyuma. Mwezi wa kumi nguzo mbili zilisimama mu maji, halafu kazi ikalala siku kumi na sita, saruji ilikuwa haijafika, na mimi sikulala. Mvua ya kwanza ilianguka. Nilikuwa ninaenda kila asubuhi kubasumbua bafundi, mpaka bakanipa jina: Mama Kiambatisho. "Mama Kiambatisho, kilalo itakuya!" "Mbele ao kisha ya mutoto?" "Muulize mutoto!"

Tarehe tisa ya mwezi wa kumi na mbili, saa kumi na mbili asubuhi, Gaëlle aliniita. Mvua ilikuwa imepiga usiku wote. Maji yalikuwa tayari ndani ya nyumba, yanasogeza viatu. Kilalo kilikuwa kimefika ng'ambo, lakini hakikuwa na pa kushika, mbao tupu juu ya vyuma, na chini yake Naviundu nyekundu inakwenda na matawi. Fatouma mbele, Gaëlle katikati, mimi nyuma nimeshika kitenge chake na mikono yote miwili. Katikati uchungu ulimukamata, akasimama. Nilisikia mbao zinatetemeka chini ya miguu yangu na nikahesabu, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya: ubao wa kumi na saba, wa kumi na saba, wa kumi na saba. Halafu Fatouma akasema, "Tembea, mama, tembea," na tukafika wa kumi na nane.

Saa tatu na dakika kumi, ku maternite, mutoto mwanamuke alilia. Alilia mpaka sista akasema anasumbua bengine. Nilimuambia amuache.

Niliporudi nyumbani peke yangu, maji yalikuwa bado mu chumba, nusu ya muundi. Nilichukua tupa ya bwana wangu. Nikasimama nayo mbele ya pazia, na sikuwa na mahali pa kukata. Mwisho nilifunga fundo ku ukingo wa pazia pale maji yalipofika, ili nisisahau.

Mwezi wa kwanza nilienda komini kuomba mulango wangu. Ulikuwa mu chumba cha faili, umeegemea kabati, karatasi imebandikwa juu: namba tatu. Viatu vya Baba Alphonse vilikuwa bado pale, vyeupe. Kijana wa ofisi alikuwa na haraka, alinisukumia karatasi na kalamu.

"Saini hapa, nkambo. Ni ya kusema umepokea."

Nilichukua kalamu. Nikaiweka chini tena, nikafungua kikapu, nikatafuta miwani. Niliisahau nyumbani.

"Unisomee mbele, mutoto wangu," nikasema, na nikavuta kiti. "Yote. Na kama ni Kifaransa, unitafsirie polepole."